Unga wa Jiwe

Mawe hayakuumbwa kwa ajili ya nyayo za watu. Jiwe lililopasuliwa mlimani hutoka na sura lililopewa na moto, na maji, au na uzito wa ardhi: huku limeinuka, huku limebonyea, na mahali pengine limechongoka kama jino. Mtu alipotaka kulitandaza ndani ya nyumba yake na kutembea juu yake bila ya kujikwaa, hakuwa na budi kulisugua kwa kitu kigumu kama lenyewe au kuliko lenyewe. Insha hii yahusu kusugua huko. Yaeleza namna watu wa zama mbalimbali walivyosawazisha sakafu za mawe, vitu walivyotumia, vipimo walivyofuata, na gharama waliyolipa.

Lugha yetu imeweka maana mbili katika neno moja. Usawa ni hali ya uwanja usio kilima wala bonde, na usawa ni hali ya watu wasiodhulumiana. Lakini fundi wa mawe ajua jambo ambalo msema maneno aweza kulisahau, nalo ni kwamba jiwe halikui. Bonde la jiwe haliinuliwi kwa kusuguliwa; kilima ndicho kinachoweza kushushwa. Kwa hivyo, sakafu inayosagwa hufuata kipimo cha mahali pake pa chini kabisa, na kila kilichokuwa juu ya hapo hugeuka kuwa unga. Unga huo haurudi kuwa jiwe tena. Kila aliyepata kuishika kazi hii, tangu bonde la Nile hata viwanda vya leo, alikabiliwa na swali moja lenye pande mbili: ni kiasi gani cha jiwe kinachostahili kugeuzwa unga, na unga huo utakwenda wapi? Historia ya sakafu za mawe yaweza kusomwa yote katika majibu ya swali hilo.

Jibu mojawapo la kale laonekana Giza, nchini Misri. Piramidi ya Firauni Khufu, iliyojengwa miaka 4,500 hivi iliyopita, ina pande nne zenye urefu wa mita 230 hivi kila mmoja, na msingi wake umelingana hata tofauti ya kimo kati ya pembe na pembe haizidi sana sentimita 2. Msomaji atadhani kwamba watu wale waliukata mlima mzima mpaka ukawa kama sahani. Hawakufanya hivyo. Katikati ya piramidi waliuacha mwamba wa asili uinuke kama ulivyokuwa, wakaujengea juu yake. Walichokisawazisha kwa bidii ni mzunguko wa kando tu, mahali ambapo mawe ya nje yangekaa. Walijua kwamba mwamba utakaofunikwa hauna haja ya kuwa sawa. Huo ni uchumi wa watu waliokuwa wakihesabu jasho.

Upande wa mashariki wa piramidi hiyo palikuwa na hekalu, na sakafu ya hekalu ilitandazwa mawe meusi ya volkeno yaitwayo basalti, yaliyoletwa kutoka kaskazini ya Fayum. Basalti ni ngumu mno. Mafundi hawakuhangaika kulainisha migongo ya mawe hayo kwa upande wa chini. Waliiacha na vilima vyake, kisha wakachimba jiwe la chokaa la msingi, ambalo ni laini, lipokee kila kilima katika shimo lake. Baada ya kuyakalisha mawe meusi imara, ndipo walipousawazisha uso wa juu. Mwingereza Flinders Petrie, aliyepima majengo ya Giza miaka ya 1880 hata 1882, aliona katika basalti hiyo alama za msumeno. Lakini msumeno wa zama zile ulikuwa wa shaba, na shaba ni laini kuliko basalti. Uliokata ulikuwa mchanga uliomwagwa chini ya shaba. Shaba iliusukuma tu, kama mkono unavyosukuma kinoo.

Hapo ndipo ilipo siri ya kazi yote. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alitunga kipimo cha ugumu wa mawe chenye daraja 10, ambamo kila jiwe la daraja ya juu huweza kulikwaruza lililo chini yake. Marumaru, kwa kuwa ni jamii ya chokaa, hukaa kwenye daraja ya 3. Kwatzi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga wa kawaida, ni ya 7. Almasi ni ya 10. Mohs aliandika kwa tarakimu jambo ambalo mafundi walikuwa wamelijua kwa vidole kwa maelfu ya miaka: mchanga huila marumaru kwa urahisi, huila itale kwa taabu, na haufui dafu mbele ya almasi.

Kazi yenyewe, ukiitazama kwa makini, ina desturi zisizobadilika sana. Kwanza fundi hugonga kila jiwe na kusikiliza sauti yake. Lililolegea hutoa sauti ya utupu. Hilo hung'olewa na kukalishwa upya, maana jiwe linalocheza haliwezi kusawazishwa. Kisha fundi huweka ubao ulionyooka juu ya sakafu, akautembeza kila upande, akatafuta mahali pa chini kabisa. Tofauti ikiwa kubwa, jiwe lililoinuka huondolewa na kupangwa upya, kwa kuwa kusaga kilima kizima ni kupoteza jiwe na siku. Ndipo kusaga kuanze, kwa maji na chembe nene. Chembe nene hushusha vilima upesi, lakini huacha mikwaruzo. Chembe ndogo zaidi huifuta mikwaruzo hiyo na kuacha yake iliyo midogo. Na hivyo hivyo, hatua kwa hatua, mpaka jicho lisiione tena. Mwenye haraka akiruka hatua moja, mikwaruzo mikubwa hubaki chini ya mng'aro, nayo hufichuka siku jua la asubuhi linapoingia kwa mshazari mlangoni.

Waswahili waijua kanuni hii kwa neno msasa. Msasa ni mti ambao majani yake yenye kukwaruza yalitumiwa na maseremala kulainisha mbao. Karatasi ya dukani yenye chembe za mchanga ilipofika, ilirithi jina la jani. Kitu kilibadilika, kazi ikabaki ile ile, na lugha ikashuhudia.

Kusugua, hata hivyo, hakutoshi bila ya kipimo, na katika jambo la kipimo Wayunani wa kale walituachia ushahidi mzuri. Katika mji wa Lebadeia, nchi ya Boeotia, lilipatikana jiwe lililoandikwa mkataba wa ujenzi wa hekalu la Zeu, wa karne ya 3 au ya 2 kabla ya Kristo. Mkataba huo wahusu, pamoja na mambo mengine, mawe ya kutandaza chini. Waeleza namna nyuso zitakavyochongwa, na namna zitakavyojaribiwa kwa kipimo kilichonyooka kilichopakwa rangi nyekundu ya udongo. Kipimo kikilazwa juu ya jiwe, rangi hushika mahali palipoinuka na kupaacha palipobonyea. Fundi huondoa kile kilichopakwa tu, akajaribu tena. Mkataba wataja pia faini. Rangi ile nyekundu ilikuwa shahidi asiyehongeka: ilimwonyesha mwenye mali kilichobaki kufanywa, na ilimkinga fundi asisage mahali pasipohitaji kusagwa.

Kwa nini shahidi huyo ahitajike? Kwa sababu jiwe na jiwe yakisuguana hupatana, lakini kupatana kwao si ithibati ya unyofu. Moja laweza kuwa na tumbo na la pili kuwa na shimo, na yote mawili yakakaa pamoja bila ya mwanga kupita katikati. Jambo hili lilifafanuliwa vizuri na Mwingereza Joseph Whitworth, mhandisi wa mashine, katika hotuba aliyotoa Glasgow mwaka 1840. Yeye alishughulika na bamba za chuma, lakini kanuni ni moja. Bamba mbili zaweza kudanganyana. Zikiwa tatu, na kila moja ikalinganishwa na mbili nyingine kwa zamu, haziwezi kupatana zote ila zikiwa bapa kweli. Kadhalika, Whitworth aliilaumu desturi ya kumalizia bamba kwa kusaga, kwa kuwa unga wa kusagia hauchagui: hula palipoinuka na palipokwisha kuwa sawa. Alipendelea kuparuza kidogo kidogo, mahali penye alama ya rangi tu. Kati ya Lebadeia na Glasgow pana miaka 2,000 na kitu, na fundi bado yuaambiwa neno lile lile: ondoa kilichozidi, usiguse kilichotosha.

Warumi walirithi mengi kwa Wayunani, wakayafanya kwa wingi. Vitruvius, aliyeandika vitabu kumi vya ujenzi katika karne ya 1 kabla ya Kristo, aliianza sehemu ya kazi za kupamba nyumba kwa habari za sakafu. Aeleza matabaka ya chini, ya mawe makubwa, kisha ya kokoto na chokaa, kisha ya vigae vilivyopondwa. Na juu yake vipande vya mawe vilivyokatwa kwa mraba, pembetatu na pembe sita. Vikishakukaa, asema, na visuguliwe hata ncha yoyote isichomoze juu ya mwenzake. Aongeza kwamba sakafu iliyo nje, penye mvua, ipewe mteremko wa vidole 2 katika kila futi 10, yaani sehemu 1 katika 80. Hapa twajifunza kutofautisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Sakafu yaweza kuwa bapa bila ya kulala kama maji yaliyotulia. Ile ya nje isipoinama kidogo, maji yatakaa juu yake na kuila.

Kuhusu mchanga wenyewe, aliyetupa habari nyingi ni Pliny Mzee, aliyefariki mwaka 79 katika mlipuko wa Vesuvius. Katika kitabu chake cha habari za maumbile asema kwamba marumaru huonekana kana kwamba yakatwa na chuma, na kumbe yakatwa na mchanga. Mchanga uliosifiwa kuliko wote, kwa maelezo yake, ulitoka Ethiopia, jina ambalo watu wa zama zake waliziitia nchi zilizokuwa kusini ya Misri. Mchanga huo ulikata bila ya kuacha ukali. Kwa hiyo kuta na sakafu zilizong'aa katika majumba ya Roma zilikuwa na deni kwa ardhi ya Afrika, tena deni la kitu ambacho mwenye jumba hakukiona, kwa sababu kilioshwa na maji kabla hajaingia.

Pliny asimulia pia udanganyifu wa mafundi wa siku zake. Wapo waliotumia mchanga mnene wa mtoni badala ya ule mwembamba wa mbali. Mchanga mnene hukata njia pana, hupoteza jiwe zaidi, na huacha uso uliokwaruzika, hata wang'arishaji wanaokuja nyuma wakapata kazi mara mbili. Mwenye mali alilipa thamani ya jiwe lililogeuzwa unga bila sababu, na fundi wa mwisho alilipa kwa mikono yake. Aliyefaidika alikuwa yule wa katikati aliyeokoa bei ya mchanga. Udanganyifu huo haukuhitaji uongo hata wa neno moja. Ulihitaji chembe nene tu, na mtu asiyetazama.

Mpaka hapa nimesema habari za watu waliosawazisha kwa kupunguza. Iko njia ya pili, ya kusawazisha kwa kuongeza, na hiyo ndiyo waliyoichagua mababu wa pwani yetu. Waashi wa Kilwa, Gedi, Lamu na Unguja hawakupewa marumaru wala basalti. Walipewa mawe ya matumbawe. Yale ya nchi kavu ni magumu na yamejaa matundu. Ukiyasaga, kila unga unaoondoka hufungua tundu jipya, na usawa haufikiwi. Yale yanayotolewa baharini yakiwa mabichi ni laini, huchongeka vizuri, kisha hukauka na kuwa magumu kwa upepo. Hayo yaliwekwa akiba kwa vibla, miimo ya milango na mapambo. Kwa ajili ya kukanyaga, waashi walilichoma tumbawe katika tanuu, wakapata chokaa, wakaichanganya na mchanga na kokoto, wakaimwaga juu ya mawe yasiyo sawa au juu ya boriti za mikoko, na kuipigilia.

Neno sakafu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni paa. Katika nyumba za mawe za pwani paa bapa la chini ndilo lililokuwa mahali pa kukanyaga pa juu, na jina likashuka pamoja na wakaaji mpaka likawa la chini kabisa. Kupigilia sakafu ilikuwa kazi ya watu wengi kwa siku nyingi, wakipiga kwa magongo kwa mwendo mmoja, na wimbo ukiongoza mikono. Waandishi wengi wameusifu wimbo huo. Ni haki kuusifu. Lakini ni haki pia kukumbuka kwamba katika Unguja ya karne ya 19 wengi wa wapigaji hawakuwa huru, na ujira wa kibarua mtumwa uligawanywa na bwana wake. Utumwa ulipoteza nguvu ya sheria katika Unguja mwaka 1897, na sakafu nyingi tunazozikanyaga katika Mji Mkongwe zilikwisha kupigiliwa kabla ya mwaka huo. Njia ya kuongeza haikuwa na unga wa jiwe mwingi. Gharama yake ilikuwa kwingine.

Waveneti walizichanganya njia mbili hizi. Walitandaza vipande vya mawe katika chokaa, wakavipigilia kama sisi, kisha wakavisugua kama Warumi, kwa jiwe zito lililofungwa kwenye mpini mrefu, ambalo kwao liliitwa dubu. Mafundi hao walikuwa na chama chao chenye kanuni zilizoandikwa, na ndio asili ya sakafu tuiitayo terazo, ambayo katika karne ya 20 iliingia katika maofisi, mahospitali na mashule ya Afrika ya Mashariki.

Venice ndiyo iliyotoa pia kesi mashuhuri ya sakafu isiyopasa kusawazishwa. Sakafu ya kanisa la Mtakatifu Marko ni ya mawe ya rangi nyingi yaliyokatwa kwa nakshi, na sehemu yake kubwa ni ya karne ya 11 na ya 12. Mji huo umejengwa juu ya matope na nguzo za miti, na kwa kupita karne nyingi ardhi ilizama hapa zaidi kuliko pale, hata sakafu ikawa na mawimbi. Wapo waliodai kwamba mawimbi hayo yalikusudiwa, ili kanisa la mabaharia lifanane na bahari. Katika matengenezo ya karne ya 19, chini ya msanifu Giovanni Battista Meduna, sehemu ya sakafu hiyo iling'olewa na kutandazwa upya kwa unyofu. Mwaka 1877 Mveneti Alvise Piero Zorzi alichapisha kitabu cha kuyalaumu matengenezo yote ya kanisa hilo, na John Ruskin wa Uingereza akakiandikia utangulizi. Mwaka ule ule William Morris na wenzake walianzisha London chama cha kuyalinda majengo ya kale. Wenyewe walikipa chama hicho jina la utani lenye maana ya wapingao kukwangua, kwa kuwa warekebishaji wa zama zile walikuwa na mazoea ya kukwangua kuta na mawe mpaka yafanane na mapya. Mwaka 1879 chama hicho kiliongoza malalamiko makubwa juu ya kanisa la Mtakatifu Marko.

Hoja yao hustahili kuelezwa kwa uadilifu, maana haikuwa mapenzi ya ubovu. Walisema kwamba uso wa jiwe la kale ni waraka. Alama ya patasi yaonyesha mkono ulioshika. Bonde la kizingiti laonyesha umati uliopita. Waraka wa karatasi ukipotea huenda nakala ikapatikana, lakini uso wa jiwe hauna nakala. Anayeusaga ili uwe bapa hapati sakafu ya kale iliyotengenezwa. Hupata sakafu mpya ya jiwe la kale. Wapinzani wao nao walikuwa na neno: sakafu ni ya kukanyagwa, na mzee akijikwaa na kuvunjika nyonga, historia haitamwuguza. Pande zote mbili zilisema kweli. Ndiyo sababu busara ilikuwa katika kuuliza kwa kila jiwe peke yake, lipi lahatarisha na lipi limechakaa tu. Na watengenezaji waliokuja baadaye katika kanisa lile waliyaheshimu mawimbi.

Hata kufikia mwisho wa karne ya 19, uvivu wa kazi yenyewe ulikuwa ulinzi. Mtu mwenye dubu la jiwe na ndoo ya mchanga hawezi kuiharibu sakafu kwa siku moja. Jioni humkuta amechoka, na asubuhi humpa nafasi ya kufikiri. Ulinzi huo uliondoka kwa hatua mbili. Mwaka 1891 Mmarekani Edward Goodrich Acheson, akichoma udongo na makaa kwa nguvu ya umeme, alipata vipande vidogo vyenye kung'aa, vigumu kuliko mawe yote ila almasi na machache mengine, akaviita Carborundum. Na mnamo Desemba 1954 kampuni ya General Electric ya Marekani ilifaulu kutengeneza almasi kwa mgandamizo na joto, habari iliyotangazwa Februari 1955. Kabla ya hapo, na kwa miaka mingi baada yake, almasi za viwandani zilitoka hasa Kongo, katika machimbo ya Bakwanga, mji ambao leo waitwa Mbuji-Mayi. Nyingi zilikuwa ndogo na zenye giza, hazikufaa pete, zikafaa kusaga. Kama mchanga wa Ethiopia zama za Pliny, ndivyo almasi za Kasai zama zetu: Afrika imetoa kinachong'arisha sakafu za wengine, na jina lake halikuandikwa sakafuni.

Mashine yenye vipande vya almasi husawazisha kwa saa moja kiasi cha jiwe kilichomchosha mtu kwa siku. Lakini unga wake nao huongezeka kwa kipimo kile kile, na hapa twafikia upande wa pili wa swali letu: unga huo waenda wapi? Ukisagwa kwa maji, huwa tope, nalo hukusanywa. Ukisagwa kavu, huwa vumbi, nalo hutafuta kifua. Mwaka 1700 tabibu Mwitalia Bernardino Ramazzini alichapisha kitabu juu ya maradhi ya wafanyao kazi, akaeleza namna wachonga mawe wanavyovuta chembe zenye ncha na kupata kikohozi na pumu. Ugonjwa huo ulipewa jina la silikosisi mwaka 1870. Chembe zinazoua ni zile zisizoonekana, zenye upana chini ya sehemu 1 ya 100 ya milimita, kwa kuwa hizo hufika ndani kabisa ya mapafu, hukaa, na mwili ukizizungushia makovu. Makovu hayo hayaponi. Mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliitia kwatzi inayovutwa kazini katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Si mawe yote yaliyo sawa katika hatari hii. Marumaru safi ina kwatzi kidogo. Jiwe la mchanga laweza kuwa karibu kwatzi tupu; itale huwa na robo yake au zaidi; na yale mawe ya kuundwa kiwandani, yaliyopendwa kwa meza za jikoni, yalikuwa na kwatzi nyingi hata Australia ikayapiga marufuku tangu tarehe 1 Julai 2024, baada ya vijana wengi waliokuwa wakiyakata kuugua. Dawa ya kuzuia ni kongwe kuliko ugonjwa kupewa jina. Ni maji. Fundi wa kale aliyatumia kwa sababu mchanga hausagi vizuri bila ya hayo, na bila ya kujua akayaokoa mapafu yake. Fundi wa leo huweza kusaga bila ya maji, na ndiyo maana yampasa kuambiwa, na mwenye kumwajiri yampasa kulazimishwa, ayatumie pamoja na mashine ya kunyonya vumbi na kinyago cha kweli. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe isiyoonekana.

Usawa wa watu na usawa wa mawe hukutana hapa. Wako waliotembea juu ya sakafu nyororo wakaisifu, na wako walioipiga magoti wakaisugua. Na mara nyingi jiwe lilisawazishwa kwa kuwaacha watu hawa wawili mbalimbali zaidi kuliko lilivyowakuta. Sheria ya kazi hii haikubadilika tangu Giza: usiondoe ila kilichozidi, pima kwa shahidi wa tatu, usiruke hatua, acha kinachosema habari za waliopita, kama hakimwumizi anayepita, na unga utakaotoka, ujue mapema utakwenda wapi. Sakafu njema ni ile ambayo mgeni akiuliza habari za unga wake, mwenye nyumba haoni haya kumjibu.